Risasi za Kuokota

3 Machi

Mpwa wangu Sindano,

Pokea salamu, ingawa kwa ulichonifanyia Jumamosi hustahili hata nusu yake. Sisi huku wazima. Mama yako magoti yanamsumbua lakini mdomo haujapata shida yoyote, na anasema ule ushibe, maana hiyo hosteli ya kiwanda inakurudisha nyumbani ukiwa umebaki jina tu. Karakana inaendelea. Mwenye bucha amelirudisha geti nililomchomelea, eti limepinda. Nimemwambia geti halina tatizo, tatizo ni yeye anavyosimama akilitazama. Ameondoka nalo amenuna.

Sasa tuje kwenye lililonikalisha chini na kalamu. Nakuandikia kwa sababu kwenye gemu huongei, unasema sebule ya hosteli imejaa wasichana na hutaki wasikie mjomba wako akikugombeza. Kwenye simu unanikatisha. Karatasi huwezi kuikatisha, itabidi unisome mpaka mwisho.

Jumamosi tumekufa pale kwenye daraja la chuma. Wadudu wametoka mashimoni, wametutafuna wote wawili, misheni imekwisha na tumerudishwa mwanzo kabisa kama watoto wa chekechea. Mimi nimekufa na boksi langu la dawa begini, sijalifungua, kwa sababu nilikuwa nakutunzia wewe. Na wewe najua ulikuwa na la kwako, maana ile sauti ya gemu ilitangaza ulipolichukua na haikutangaza kwamba umelitumia. Ulikuwa unamtunzia nani, wadudu?

Halafu hiyo bunduki yako ya kulengea mbali. Unapanda juu ya paa, unalala kifudifudi, unafumba jicho moja, unamtafuta mdudu mmoja aliye ng'ambo ya mto ambaye hana habari na wewe, wakati mjomba wako yuko chini amepandwa mpaka mabegani. Na risasi zinakuishia. Kila misheni, hatujafika hata katikati, naanza kusikia bunduki yako ikilia tak, tak, tupu. Mtu anayejua kulenga haishiwi hivyo. Mimi na shotigani yangu siishiwi. Popote ninapokanyaga nasikia ule mlio wa kuokota, pakiti nyingine imeingia begini. Huko ndiko kutembea na akili.

Kuanzia sasa chukua shotigani kama mimi, tupigane bega kwa bega. Hutaki, natafuta mwenzangu mwingine. Fundi rangi wa jirani ameshaniomba.

Ni mimi mjomba wako,
Cheche


28 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta salama pamoja na huyo fundi rangi wako, ambaye nakumbuka aliipaka nyumba yetu rangi akapaka na vioo vya madirisha. Mimi mzima. Kiwandani tumeingia kwenye oda ya sare za shule. Mstari wangu wote unashona kola kutwa nzima, na mimi kama msimamizi kazi yangu ni kuzikataa. Nimekataa nyingi sana, kwa hiyo hawanipendi. Mwambie mama nakula.

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Sasa na wewe kaa chini.

Tukichukua shotigani wote, tutagombania risasi za aina moja. Kreti likidondoka linakuja na risasi za bunduki tulizochagua, kila bunduki na zake. Wewe ukiwa na yako na mimi na yangu, za kila mmoja zinatosha. Hili nilikueleza siku ileile ulipoleta hiyo mashine ya gemu nyumbani, uliyobadilishana na mlango wa chuma, ukaniita nikufundishe kuiwasha. Hukusikiliza kwa sababu ulikuwa unatafuta waya wa kuchomelea.

Na hiyo shotigani tusiisifu kupita kiasi. Jumamosi hiyo unayoisema uliipiga nguzo ya daraja. Uliipiga, ukarudi nyuma, ukaipiga tena, ukasimama kana kwamba unangoja ianguke. Wasichana wa sebuleni waliacha tamthilia yao wakaja kukutazama wewe. Sasa wanakuita Mhandisi, wanasema lazima una ugomvi wa siku nyingi na daraja. Umenipiga na mimi pia, mgongoni, nikiwa nimevaa koti la njano ambalo nililichagua makusudi ili usinipige. Boksi langu la dawa nilikuwa nakimbia nalo kukuletea uliponipiga, kama ulitaka kujua nilikuwa namtunzia nani.

Kuhusu risasi kuniishia, hilo liache.

Mama alinidokeza kwenye simu kwamba uliitwa hospitali na hukwenda. Alipotaka kuendelea akakohoa, akaanza habari za bei ya mchele, nikajua umeingia ndani. Ulikuwa umeitiwa nini? Anauliza pia kama nitakuja likizo. Mwambie huku likizo ni moja kwa mwaka na nimeiweka. Siwezi kuimaliza kwa kuja kukaa kwenye kochi tukiangaliana mimi na wewe. Naiweka kwa ajili ya jambo la maana likitokea.

Bunduki yangu sibadilishi.

Mpwa wako,
Sindano


22 Aprili

Sindano,

Marahaba. Nimefurahi kusikia unakataa kola za watu, ni kazi inayokufaa, ulianza kukataa uji ukiwa huna hata meno. Sisi huku hatujambo. Mama yako ameanza kutembea na fimbo, na zaidi ya kuitembelea anawaonyeshea watu. Karakana nafunga mapema siku hizi, jua la jioni linanikera. Yule wa bucha nimemtengenezea geti jingine bure ili apunguze maneno, na hilo nalo anasema limepinda, safari hii upande wa pili. Nimeanza kuamini kwamba ukuta wake ndio uliopinda.

Huyo Mhandisi wanayemcheka wasichana wako alikuwa amemwona mdudu nyuma ya nguzo. Mdudu alikimbia. Wewe huko juu ya paa ungemwonea wapi? Na hilo koti la njano ni aibu kwa ukoo mzima. Vitani watu wanavaa rangi ya udongo. Njano wanavaa wafagia barabara, na wao wana sababu.

Hoja yako ya aina mbili za risasi nimeielewa, usidhani sikuielewa. Lakini kama kila mtu anachukua zake, mbona mimi zinanitosha na wewe hazikutoshi? Umeniambia niliache, maana yake huna jibu. Mimi nisiyejua kitu naokota risasi mpaka nachoka, na wewe mwalimu wangu unabofya bunduki tupu. Nimemsimulia fundi rangi, amecheka mpaka amekaa chini.

Hospitali hawakuniita mimi, walimwita mtu mwenye jina linalofanana na langu. Mama yako anachanganya mambo. Tuufunge mjadala huo.

Likizo yako iweke. Hilo ndilo neno pekee la akili katika barua yako yote. Usije huku kwa kuitwa na mtu yeyote.

Cheche


15 Mei

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima. Kola zimekwisha, sasa ni mikono, na wanakosea vilevile. Mama nimemtumia dawa ya kuchua magoti, itafika na basi.

Barua yako ya Aprili nilipoifungua nilidhani imelowa njiani. Haikulowa. Mistari inapanda kama ngazi. Mstari wa koti la njano umeuandika juu ya mstari wa mdudu, ikabidi niishikilie karatasi dirishani ndipo nitenganishe kipi ni kipi. Neno bucha peke yake limekula nusu ya upana wa ukurasa. Na aliyeandika hivyo ni mtu aliyenifundisha kuchora geti kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, akawa ananifutia lote nikikosea unene wa ukucha.

Geti limepinda. La pili limepinda. Umeipiga nguzo. Umenipiga mimi niliyevaa njano. Jua la jioni linakukera. Mimi nalipwa kutazama mshono na kusema umeanzia wapi kwenda kombo, na haya yote nimeyatazama nikawa nayacheka pamoja na wasichana wa sebuleni. Nimejikasirikia sana, na wewe nimekukasirikia zaidi.

Nimempigia mama. Anasema umemwapisha asiseme, na papo hapo akaniambia kwamba asingeapishwa angesema mengi.

Jicho la kushoto najua lilikwenda na cheche kabla sijazaliwa, ndilo lililokupa hilo jina unalojivunia. Umebaki na moja. Nakuuliza swali moja tu, na sitaki kusikia habari za mdudu wala ukuta wa bucha. Hilo moja linaona?

Mpaka unijibu, siingii kwenye gemu. Kacheze na fundi rangi.

Sindano


8 Juni

Mpwa wangu,

Hii barua anaiandika mama yako, mimi nasema. Nimemwonya aandike ninachosema tu. (Mwanangu, hujambo? Dawa ya magoti imefika, inanuka lakini inasaidia. Mama yako.)

Naona salamu zimeshakwenda bila mimi.

Umeuliza kama linaona. Linaona mwanga. Watu nawaona kama wamesimama nyuma ya nailoni, na wewe kwenye skrini sijawahi kukuona hata na hilo koti. Daktari wa hospitali, kijana mwenye maringo, anasema ni mtoto wa jicho, eti ni kazi ndogo, wanatoa huo ukungu wanaweka kioo kidogo ndani. Kwake ni kazi ndogo, yeye anayo mawili. Mimi likiharibika mikononi mwake sina la akiba. Nimekuwa fundi maisha yangu yote, hilo neno kazi ndogo nimewaambia wateja wengi, na najua baadhi ya kazi hizo zilivyoishia. (Anaogopa. Neno hilo amenikataza nisiliandike, kwa hiyo naliandika hapa. Daktari amesema akizidi kuchelewa litakuwa gumu kutoa. Na wiki iliyopita ameungua kiganja kwa kushika chuma alichodhani kimepoa.)

Mama yako ameandika kitu kirefu kuliko nilichosema. Endelea, dada.

Gemu nacheza kwa masikio. Wadudu wana mlio wao, nageukia kwenye mlio, napiga. Ndiyo maana sitaki bunduki ya kulengea mbali na sikutaka wewe uende nayo huko juu, maana ukiwa mbali sikusikii uko wapi. Shotigani inataka tu ugeukie upande uliko mlio. Kwa hiyo ungekuwa na adabu ungekiri kwamba mjomba wako anajua kuchagua silaha. Nguzo ile ilikuwa inatoa mwangwi.

Hospitali wanataka ndugu wa kunipeleka, alale pale, kisha nyumbani aniwekee dawa ya matone. Ngazi za hospitali ile mama yako haziwezi. (Lifti yao imeharibika. Nilisema nitapanda kwa makalio, amenikatalia, anasema nitamwaibisha.) Wewe usije. Una likizo moja, na mwenye umri wa kuugua ni mama yako. Itunze kwa ajili yake. (Mimi siugui. Asinifanye mimi kisingizio.) Mambo yakitulia nitajipeleka mwenyewe.

Jibu ndilo hilo. Sasa rudi kwenye gemu. Fundi rangi nimemjaribu, hana maana, anajificha nyuma yangu na maboksi yote ya dawa anakunywa yeye. Tena ajabu ni kwamba tangu nianze kucheza naye sijaokota hata risasi moja. Natembea kama zamani, sisikii mlio wowote. Bahati yangu sijui imekwenda wapi.

Cheche (na mama yako, ambaye mkono unamuuma)


29 Juni

Shikamoo Mjomba. Shikamoo mama.

Mama, msomee kwa sauti na usiruke chochote.

Likizo nimeiomba na nimeipata. Naingia tarehe 18 Julai kwa basi la mchana. Siku ya hospitali nimeshaipanga kwa simu, nimeongea na huyo kijana mwenye maringo. Kwa kweli ana maringo, na amekiri kwamba mgonjwa wake ana kichwa kigumu, kwa hiyo tumeelewana.

Pale darajani tulikufa na maboksi mawili ya dawa. Wewe unanitunzia mimi, mimi nakutunzia wewe, wote tukaliwa na wadudu na dawa zikabaki nzima. Sasa unataka tufanye hivyohivyo na likizo. Mimi naiweka kwa ajili ya shida, shida unayo wewe, na wewe unaificha ili likizo yangu isiishe. Tumetoka kwenye familia gani? Meneja wa zamu aliponiuliza likizo hii ni ya nini nilimwambia ni boksi la dawa. Akanitazama, akasaini.

Ukitaka kuogopa, ogopa. Na mimi naogopa, tangu Mei silali vizuri, nikifumba macho naliona lile neno bucha. Lakini sitaogopa kutokea huku. Nitakaa mlangoni pa chumba cha upasuaji, na daktari nitamsimamia kama ninavyosimamia kola. Ukijificha karakana nitakuja kukuchukua na ule mkokoteni wako wa vyuma, na nitakupitisha mbele ya bucha.

Nifulieni shuka.

Sindano


12 Septemba

Mpwa wangu Sindano,

Salamu nyingi, na hizi nimeziandika mwenyewe. Iangalie mistari, ipime kwa rula kama kawaida yako, sitegemei sifa. Mama yako mzima. Siku ulipoondoka alilia kituoni akasema ni vumbi, na siku hiyo ilikuwa imenyesha. Matone nimeyamaliza kwa saa ulizoagiza, ingawa hukuwa na haja ya kuniandikia ukutani kwa herufi za bango la duka. Kiganja kimepona.

Nimeona mengi ambayo afadhali yangebaki kwenye ukungu. Nimeiona rangi aliyotupakia fundi rangi, na bado napita mlangoni kwake bila kumsalimia. Nimeziona nywele zako, ambazo siku ile walipoifungua bandeji nilizinyamazia kwa sababu ulikuwa unalia. Na nimepita bucha. Mageti yote mawili yamepinda, moja kulia na jingine kushoto, ameyaegemeza ukutani pamoja. Nilisimama nikayatazama, naye akatoka na kisu chake akasimama pembeni yangu. Nikamwambia nitakuja kuchukua vipimo upya. Mtu aliyekuwa na maneno yote yale siku hiyo akaamua kunyamaza, na alijua kabisa ananifanya nini.

Sasa Jumamosi iliyopita. Tumevuka daraja, ndiyo, na nguzo sikuigusa, waambie wasichana wako. Lakini silo ninalokuandikia.

Kumbe kwenye skrini, pembeni chini, kuna kipicha cha begi la mwenzako na vilivyomo. Nilikuwa sijui kama kipo. Nikalitazama begi lako. Nafasi zake ni chache, na zaidi ya nusu umezijaza risasi za shotigani. Wewe shotigani huna. Za bunduki yako zilikuwa chache, kiasi cha kumtisha mdudu mmoja.

Nikaacha kupiga, nikasimama. Wewe ukadhani zimeniishia. Ukashuka kwenye paa lako, ukapita mbele yangu na hilo koti, ukaangusha pakiti moja, ukaenda hatua chache ukaangusha nyingine, kama mtu anayelisha kuku. Nikapiga hatua. Nikausikia ule mlio wangu wa bahati.

Nilikaa na rimoti mkononi mpaka mama yako akaniuliza kama jicho linauma. Nikamwambia linauma.

Tangu kabla ya Machi, Sindano. Nimejisifu kwa watu kwamba natembea na akili. Nimekuandikia kwa mkono wangu kwamba hujui kulenga, nikakusimulia kwa fundi rangi. Na wakati huo hukujua kwamba sioni, ulidhani tu mjomba wako ni mzembe anayezipita risasi zake kreti linapozimwaga, na bado ukaziokota ukanibebea. Nilipokuuliza ukaniambia niliache. Ukaendelea kubofya bunduki tupu mbele ya sebule nzima.

Sitakushukuru, usingoje. Ni upuuzi mtupu kupanda juu ya paa na bunduki ya kulengea mbali huku begi limejaa mzigo wa mtu mwingine, na mstari wako huko kiwandani wangejua unavyopanga vifaa wangekukataa wewe kabla ya kola. Jumamosi jaza begi risasi zako. Zangu ziache palepale chini, zinapowaka taa nyekundu. Naziona.

Mjomba wako,
Cheche